Kukodi Banda la Faragha Ufukweni Cozumel Siku Meli Inapofunga Gati: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia dada mmoja wa hapa Houston, ambaye alitaka kumpeleka mama yake safari ya meli ya kitalii katika Bahari ya Karibi na kumkodia banda ufukweni ili mzee asishinde juani. Mimi mwenyewe nimefanya jambo hilo mara nne nikiwa na familia, na mara ya kwanza nililifanya vibaya. Namna ya kukata tiketi ya meli na nyaraka za kusafiria sitazieleza hapa, kwa sababu mtu anayefikiria banda huwa ameshavuka hatua hizo. Banda ninalolizungumzia, ambalo watu wa meli huliita kabana, ni kile kivuli cha nguzo nne chenye vitanda vya kujilaza, meza, pengine pazia na feni, unachokilipia kwa siku moja ili kiwe chako na watu wako tu.

Hatua ya kwanza: Fahamu ufukwe ni wa nani

Kabla ya kutazama bei, tazama ratiba ya meli yako na ujue bandari ile iko mikononi mwa nani. Kampuni kubwa za meli zina visiwa au fukwe zao wenyewe, hasa Bahamas: Royal Caribbean wana CocoCay, Disney wana Castaway Cay, MSC wana Ocean Cay, na Holland America na Carnival hutumia Half Moon Cay. Huko huna la kuchagua, kwani banda hukodishwa na kampuni ya meli peke yake, kupitia tovuti yake au programu yake ya simu, na bei hupanda na kushuka kama nauli ya ndege kulingana na siku na wingi wa abiria. Usishangae kuona banda moja la CocoCay likianzia dola mia kadhaa za Marekani na kupita elfu moja katika msimu wa likizo.

Cozumel, kisiwa cha Mexico kilicho katika jimbo la Quintana Roo, ni habari tofauti. Meli hufunga katika magati matatu, na abiria akishatoka getini yuko huru kwenda klabu yoyote ya ufukweni anayoitaka. Mimi napendelea Cozumel kuliko visiwa vya kampuni, na sifichi upendeleo huo: bei kwa kawaida ni nafuu, chakula hupikwa na watu wa pale pale, na unaweza kujadiliana na binadamu badala ya kubishana na tovuti. Gharama ya uhuru huo ni kwamba makosa yote ni yako, wala hakuna ofisi ya meli itakayokurekebishia.

Hatua ya pili: Chagua upande wa kisiwa

Chagua klabu iliyo upande wa magharibi, kusini mwa mji wa San Miguel. Pepo za kawaida za Karibi huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo pwani ya mashariki ya Cozumel ina mawimbi makali na ndiyo inayopokea mwani wa sargassum, ule wa rangi ya kahawia ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukija kwa wingi katika majira ya machipuko na kiangazi. Sisi tuliozoea kuona akina mama wa Paje na Jambiani wakiulima mwani na kuuza tunaweza kudhani kuwa ni mali, lakini huu ukilundikana ufukweni huoza na kunuka kama mayai viza. Upande wa magharibi kisiwa chenyewe huukinga, na maji huwa tulivu siku nyingi za mwaka.

Aliyekulia Tanga au Unguja atakuwa na swali jingine: je, maji yatakuwa yamekupwa tutakapofika? Mama yangu aliniuliza hivyo mara tatu. Kwetu wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne, na mtu asiyejua nyakati hujikuta akitembea juu ya matope na chaza. Cozumel tofauti hiyo haifiki hata nusu mita. Banda la mstari wa mbele litabaki mstari wa mbele kutwa nzima, na kwa sababu hiyo inafaa kulipia mstari wa mbele.

Hatua ya tatu: Weka nafasi na uelewe unacholipia

Klabu nyingi za Cozumel hutoza vitu viwili mbalimbali. Kuna kiingilio cha kila mtu, ambacho mara nyingi hujumuisha chakula na vinywaji, kisha kuna kodi ya banda juu yake. Bei ya banda ni ya banda zima, bali idadi ya watu ina kikomo, na mtoto wa miaka miwili anayelala mapajani kutwa naye ni mtu katika hesabu yao. Sisi tulikuwa saba na banda lilikuwa la watu sita. Tuliandika barua pepe mapema tukaongezewa kiti kwa malipo kidogo, jambo ambalo tungelisema mlangoni lingeleta ubishi.

Weka nafasi moja kwa moja kwa klabu, si kwa dalali wa mtandaoni, na ulipe arubuni tu, si fedha yote. Muhimu zaidi, dai jibu la maandishi kuhusu swali hili: meli isipofunga gati, arubuni inarudi? Kati ya Novemba na Machi hushuka pepo baridi za kaskazini ambazo wenyeji huziita norte, na zinapovuma kwa nguvu nahodha anaweza kuamua kupita bila kusimama. Mtu wa pwani atakumbuka kwamba hiyo ndiyo miezi ya kaskazi kwetu, ila kaskazi ilikuwa ikileta majahazi na norte huyafukuza. Ukiwa umelipa kupitia kampuni ya meli, fedha hurudishwa meli isiposimama. Ukiwa umelipa mwenyewe, unategemea sharti la klabu, kwa hiyo taja jina la meli na tarehe ndani ya barua yako, na uhifadhi jibu lao kama picha katika simu, kwa maana ufukweni huenda usipate intaneti.

Hatua ya nne: Saa

Hapa ndipo nilipopoteza banda langu la kwanza, na naomba msomaji anivumilie nikirefusha.

Tulisafiri mwezi wa Desemba kutoka Galveston, Texas. Karatasi ya ratiba ilisema meli ingefunga gati saa 09:00. Nikaongeza saa moja ya kushuka na kutafuta teksi, nikaweka nafasi ya banda saa 10:00, nikajiona mtu mwenye akili. Tulifika klabu saa yangu ya mkononi ikionyesha 10:25. Binti wa mapokezi alitazama orodha yake, akasema kwa upole kwamba banda letu lilishatolewa kwa watu wengine, kwa sababu nafasi hushikwa kwa saa moja tu. Nilibishana naye nikimwonyesha saa yangu. Hatimaye mhudumu mmoja kijana, bila kusema neno, alinyoosha kidole kuelekea saa kubwa ya ukutani juu ya kaunta ya vinywaji. Ilikuwa 11:25. Siku ile tulishinda kando ya njia ya vyoo.

Maelezo yake ni haya. Quintana Roo ilibadili majira yake mwezi Februari 2015, ikaanza kufuata saa ya mashariki mwa Marekani mwaka mzima, bila kusogeza saa mbele wala nyuma. Marekani bado husogeza. Kwa hiyo tofauti kati ya saa ya meli na saa ya kisiwa hutegemea bandari uliyotoka na mwezi unaosafiri:

Ukitoka Galveston au New Orleans majira ya baridi, yaani tangu mapema Novemba hadi kati ya Machi, Cozumel iko mbele ya saa ya bandari yako kwa saa moja. Hatari iko asubuhi, kwa sababu utachelewa kwenye banda.

Ukitoka bandari hizo hizo wakati wa kiangazi, saa zinalingana.

Ukitoka Miami au Port Canaveral, bandari za Florida, majira ya baridi, saa zinalingana pia.

Ukitoka Florida wakati wa kiangazi, Cozumel iko nyuma kwa saa moja. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, maana hatari iko jioni. Meli ikiwataka abiria wote wawe ndani saa 16:30 kwa saa yake, saa ya ukutani pale ufukweni itakuwa 15:30 tu, na wewe utakuwa bado unaagiza samaki.

Juu ya hayo, baadhi ya manahodha huamua kusogeza saa ya meli usiku wa kuamkia Cozumel ili ilingane na ya kisiwa, na wengine hawasogezi. Orodha yangu ya hapo juu haifai kitu ikiwa nahodha amesogeza. Kwa hiyo nenda mapokezi ya meli jioni ya kuamkia siku hiyo, uulize maneno haya haya: je, kesho saa ya meli ni sawa na saa ya Cozumel? Usiulize saa ngapi tutafika, kwa sababu watakujibu kwa saa ya meli bila kukwambia kuwa ni ya meli. Klabu nayo, unapoweka nafasi, iandikie kwamba saa unayoitaja ni ya Cozumel, na uombe banda lishikwe kwa saa mbili.

Simu haiaminiki katika jambo hili. Ikiwa katika hali ya ndege hubaki na saa ya nyumbani. Ukiwasha mtandao gatini hujibadilisha yenyewe kimya kimya. Watu wawili wa familia moja waliosimama pamoja wanaweza kuwa na saa mbili tofauti mfukoni. Mimi huvaa saa ya mkono ya bei rahisi, naiweka kwa saa ya meli siku ya kwanza, na siigusi ila meli inaposogeza yake.

Kisha kuna saa yetu sisi. Siku ile ya Desemba niliandika katika kundi la WhatsApp la familia: tukutane mlango wa kutokea saa tatu na nusu. Mama na shangazi walikuwa pale kabla yangu. Mpwa wangu, aliyezaliwa Houston na anayekisikia Kiswahili vizuri kuliko anavyokisoma, alielewa kuwa ni saa tisa na nusu alasiri, akarudi kulala. Tulimtafuta dakika ishirini na tano, na dakika hizo nazo zilikuwa sehemu ya kuchelewa kwetu. Tangu hapo naandika 09:30, kwa tarakimu, hata kwa shangazi, ingawa ananiambia kwamba nimeanza kumwandikia kama benki.

Hatua ya tano: Mizigo

Beba maji ya kunywa ya asubuhi, kanga mbili, kandambili, dawa za mzee na noti ndogo ndogo za dola. Usishuke na matunda wala nyama kutoka meli, kwani vinakatazwa. Kuhusu mafuta ya kujikinga na jua, klabu nyingi huomba usipake ya kawaida unapoingia majini, kwa sababu matumbawe ya Cozumel yamo ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari iliyotangazwa mwaka 1996; fulana ya mikono mirefu ya kuogelea hutatua jambo hilo bila mjadala.

Hatua ya sita: Teksi

Nauli za kutoka gatini zimepangwa na hubandikwa kwenye ubao. Kwa teksi ndogo bei ni ya watu wanne, na mkizidi mtahitaji gari kubwa, kwa hiyo soma ubao kabla ya kupanda na utamke bei kwa sauti ili dereva aikubali. Safari huchukua kama robo saa au zaidi kidogo.

Hatua ya saba: Ukishafika

Lione banda kabla ya kusaini chochote. Hesabu vitanda, jaribu feni ikiwa imetajwa kwenye barua yako, na utazame kivuli kitakuwa wapi saa 14:00, jua litakapoelekea magharibi, yaani baharini, na kupenya chini ya paa kutoka mbele. Wakati huo ndipo pazia linapokuwa na thamani. Kama banda halina, omba mwavuli wa ziada asubuhi ile ile, kabla watu wengine hawajaamka kulitaka jambo hilo hilo. Piga picha banda lilivyo.

Bakshishi ya mhudumu mpe nusu mapema, mara anapoleta taulo, na nusu wakati wa kuondoka. Wapo watakaosema kwamba huko ni kununua upendeleo. Sawa, lakini mama yangu aliletewa maji ya madafu kila baada ya nusu saa bila kuomba.

Dereva wa kurudi mwombe mapokezi akuitie, na umtajie saa kwa saa ya Cozumel baada ya kutoa au kuongeza kile ulichoambiwa na meli. Mimi hupanga kufika gatini saa moja na nusu kabla ya muda wa mwisho, kwa sababu magari huwa mengi barabarani jioni meli zikiwa nne au tano, na foleni ya ukaguzi wa mizigo getini husimama juani. Anza kumwamsha mzee dakika ishirini kabla teksi haijafika, kwa maana atasema yuko macho, kisha atatafuta kiatu kimoja.