Bunduki ya upepo ya springi: mambo ya kuzingatia kabla hujainunua, na hasa kabla hujaifungua

Kila mwaka mahindi yakishaingia stoo naanza kupigiwa simu. Leo ni binamu wa Usa River, kesho ni rafiki wa Kahe kule Moshi: "Kaka, ile bunduki yako ya upepo uliipata wapi? Panya wananimaliza." Nimechoka kurudia maneno yaleyale kwenye simu, kwa hiyo nayaandika hapa. Yasome yote kabla hujatoa hela.

Anza na karatasi. Bunduki hii haina baruti, ndiyo, lakini ina mtutu, ina triga na inatoboa, na wanaoiita mchezo wa watoto hawajawahi kuona inavyomfanya panya. Nchini kwetu silaha zina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Nenda kituo cha polisi, muulize anayeshughulikia silaha, mweleze unataka kununua nini, ufuate atakachokuelekeza. Nenda kabla ya kununua. Anayekuuzia ya mkononi bila karatasi yoyote, eti anahama nchi, mwambie safari njema.

Halafu kuna habari ya kuwinda. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haisemi kwamba ndege akitua kwenye mparachichi wako amekuwa wako. Kanga, kwale, njiwa pori, wote hao ni kibali kwanza. Na usionekane na bunduki ya aina yoyote karibu na mpaka wa hifadhi, iwe ya Arusha au ya Kilimanjaro. Askari wa hifadhi hatakaa chini akusikilize hadithi ya panya. Mimi windo langu ni panya wa stoo na wa banda la kuku, basi. Sumu niliacha siku paka wangu alipokula panya aliyekula sumu.

Sasa bunduki yenyewe. Utakutana na mbili: ya milimita 4.5 na ya milimita 5.5. Chukua ya 5.5. Ile ndogo inakwenda kasi zaidi na inanyooka, lakini kwa panya mkubwa kidonge kizito (hivyo ndivyo tunavyoita risasi yake) kinamaliza kazi papo hapo. Usidanganywe na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Zile futi elfu moja na ushee kwa sekunde hupimwa kwa vidonge vyepesi kama karatasi ambavyo hutavitumia kamwe. Kidonge cha kawaida cha 5.5, chenye uzito unaokaribia gramu moja, kikitoka kwa mita 180 kwa sekunde kina kama joule 15. Hiyo inatosha kabisa kwa panya wa mita 10 hadi 20. Kanga usimguse nayo hata ukiwa na kibali. Ana manyoya mazito, hasimami akakusubiri, na ukimkosa kichwa utamjeruhi tu akafie kichakani.

Vidonge: nunua makopo ya aina mbili tatu tofauti, jaribu vyote kwenye karatasi, bunduki yako itachagua yenyewe. Haijali bei. Vikague kabla: kidonge kina kiuno kama nyigu, na kile ambacho pindo lake la nyuma limebonyea, tupa. Na ukishavishika, nawa mikono kabla hujala. Ile ni risasi kwa maana zote mbili, silaha na madini, na hayo madini ni sumu mwilini.

Darubini ya kulengea isiwe yoyote tu. Bunduki ya springi inaruka mara mbili: pistoni inayosukumwa na springi ikianza safari bunduki inarudi nyuma, pistoni ikifika mwisho inaivuta mbele. Darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya baruti imezoea mshtuko wa upande mmoja, na hata ikiwa ya bei mbaya inaweza kufia hapa ndani ya kopo moja la vidonge. Uliza ile iliyotengenezewa bunduki ya springi. Kama hela haitoshi, tumia vilengeo vya chuma vilivyokuja nayo, havina shida.

Usiikandamize bunduki begani kama unazuia mbuzi. Iache ikae juu ya kiganja kilicho wazi, iruke inavyotaka, ila iruke vilevile kila mara. Watu wengi wanaosema bunduki yao haina shabaha wangepona hapo tu. Na ikiwa mpya, ipe vidonge mia chache vya kuizoea kabla hujaanza kulalamika.

Haya. Nifike kwenye oili.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Tengeru ambayo asubuhi hutaki kushika hata kikombe. Bunduki yangu ikaanza kupiga chini. Jana nilikuwa naigonga soda ya chupa mita 15, leo kidonge kinakwenda kiganja kizima chini ya nilipolenga. Nikasema imechoka, springi imelegea, inahitaji kulainishwa. Nyuma ya mtutu, ukiikunja bunduki kama unakoki (unabana springi tayari kupiga), kuna kitundu kidogo ambapo hewa inatokea. Mke wangu anashona. Nikachukua chupa yake ya oili ya cherehani, nikadondosha matone matatu kwenye kile kitundu, nikaweka kidonge, nikalenga ubao uliokuwa umeegemezwa kwenye mgomba.

Ililia mlio ambao bunduki ya upepo haina haki ya kuulia. Moshi wa buluu ukatoka mdomoni mwa mtutu, ukanuka kama gereji. Ubao wa nusu inchi ukatoboka upande hadi upande, wakati siku zote kidonge kilikuwa kinabaki ndani.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilifurahi. Nikajiona fundi. Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu, kila moja kama baruti, na ya nne ikapita pembeni ya ubao, ikapita katikati ya migomba, ikaenda kutoboa tanki la maji la jirani, lile la plastiki la lita 1,000. Nilisikia maji kabla sijayaona.

Dakika kumi baadaye mwenyekiti wa kitongoji alikuwa getini kwangu, na nyuma yake jirani ameshika kiuno, na nyuma ya jirani watoto wa nusu kijiji.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Kijana, tumesikia bunduki."

"Ni ya upepo, mzee."

"Upepo haulii hivyo."

Karatasi zangu zilikuwa sawa, na hizo ndizo zilizoniokoa siku ile. Nikazitoa ndani, akazisoma mstari kwa mstari, akanirudishia bila kusema neno. Tanki nililipa. Jirani alinisamehe baada ya wiki tatu hivi, mama watoto wake bado.

Nini kilitokea? Mtu yeyote aliyewahi kuendesha Fuso anajua injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inaibana hewa haraka sana, hewa inapata moto, dizeli inajiwasha yenyewe. Ndani ya bunduki ya springi kuna pistoni ileile na hewa inayobanwa vilevile. Ukimwaga mafuta ya petroliamu ya aina yoyote mbele ya pistoni, iwe ya cherehani, ya injini, au ya kupuliza kufungua nati zenye kutu, umetengeneza injini ya dizeli yenye mtutu. Inalipuka. Pistoni inasukumwa nyuma kwa nguvu ambayo springi haikutengenezewa, na sili ya mbele, ile inayozuia hewa isivuje pembeni ya pistoni, inaungua. Yangu ilikufa siku mbili baadaye. Nilipokoki niliona ni nyepesi kama mwavuli. Springi ilikuwa imekatika vipande viwili na sili imekuwa kama mkaa pembeni.

Kinachouma zaidi ni kwamba haikuwa na ugonjwa wowote mkubwa. Nilipoijua vizuri nilikuja kugundua mambo matatu. Skrubu za kitako zilikuwa zimelegea, maana mruko ule wa mara mbili huzilegeza kila siku. Oringi, ile pete ya mpira ya nyuma ya mtutu, ilikuwa imechoka na inavujisha. Na grisi nzito iliyokuwa ndani ilikuwa imeganda kwa baridi. Bisibisi, oringi ya bei ya chungwa, na kusubiri jua lichomoze. Badala yake nikamnunulia mtu tanki.

Kwa hiyo bunduki ikianza kupiga chini, usiguse oili. Kaza skrubu za kitako na za darubini. Kama hazitulii, weka tone moja la gundi ya buluu ya nyuzi za skrubu, ile inayokubali kufunguka tena. Kisha pima uvujaji: weka kipande cha karatasi ya chooni juu ya maungio ya mtutu, piga kidonge kwenye gunia la mchanga, ukiona karatasi inaruka badilisha oringi. Mafuta pekee yanayoruhusiwa kule mbele ni ya silikoni ya sili za bunduki hizi, tone moja, tena kwa nadra. Nje unaweza kupangusa kwa kitambaa chenye oili, chuma kisishike kutu.

Kuifungua ndani ni habari nyingine. Springi hailali hata bunduki isipokokiwa. Imebanwa sentimita kadhaa nyuma ya kile kifuniko cha mwisho na inasubiri mjinga. Rafiki yangu wa gereji Unga Limited aliniambia tuache utoto, akaegemeza bunduki kifuani, akagonga pini. Kifuniko kilipita sikioni kwake na kubonyeza bati la paa. Alama ipo hadi leo, anaionyesha wateja. Tafuta klampu ndefu ya seremala, ibane bunduki kwa urefu, uachie taratibu huku klampu ndiyo inayobeba springi, siyo mkono wala kifua. Huna klampu, usifungue.

Ukishafungua, kazi ya maana ni ndogo. Futa grisi yote ya kiwandani. Ukiosha kwa mafuta ya taa, kausha mpaka harufu iishe, maana hayo nayo hujiwasha kama dizeli. Lainisha ncha za springi kwa msasa mwembamba, ondoa kingo kali ndani ya silinda zisiikate sili wakati wa kuirudisha. Paka grisi nyeusi ya moly utando mwembamba kwenye pistoni, nyuma ya sili, mbele usipake kitu. Ile grisi ya kunata ipake kidogo sana kwenye springi, itaua ule mlio wa chuma unaousikia kila ukipiga. Sili kama haipatikani, fundi kerezo mzuri anaweza kukuchongea, lakini mpelekee ile ya zamani aipime.

Na usiweke springi kali zaidi. Najua umeshaanza kuiwaza. Springi kali inaongeza mruko, inachosha mkono, inavunja darubini, na vidonge vinatawanyika. Bunduki ya bei nafuu hunoga ikipunguzwa, siyo ikiongezwa. Huku kwetu juu, Arusha ikiwa karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Pistoni ina mto mwembamba wa kuiegemea, kwa hiyo inagonga mwisho kwa ukali zaidi. Springi kali unaiongezea nyundo.

Mengine haraka haraka. Usipige tupu, bila kidonge, hata mara moja kuonyesha watu. Usiiache imekokiwa ukaenda kunywa chai. Unapoweka kidonge, mkono mmoja uushike mtutu kwa nguvu na kidole kiwe mbali na triga. Mtutu ukijifunga wenyewe utakula vidole. Nyuma ya shabaha weka gunia la mchanga, kwa sababu mgomba ni maji matupu na nyuma ya migomba kuna kihamba cha mtu, kuna mama anachuma kahawa ambaye huwezi kumwona. Usipige kuelekea jiwe au bati, kidonge kinarudi. Usibebe bunduki mgongoni kwenye bodaboda ikiwa wazi, iwe ndani ya mfuko wake na karatasi ziwe nawe. Ifungie kabatini, vidonge kabati jingine, funguo zisikae mahali mtoto anapajua, na watoto wanapajua kila mahali. Usiiguse siku ya pombe ya mbege. Mtu akikuomba umwazime usiku mmoja tu kwa ajili ya panya, nenda naye wewe mwenyewe, hata kama ni shemeji.