Kuchora mpaka wa Korea mbili kwenye uwanja wa shule

Wanafunzi wengi huchora mpaka wa Korea Kaskazini na Korea Kusini kama mstari ulionyooka juu ya latitudo ya 38. Ndivyo ulivyokuwa kabla ya vita. Wa leo umefuata mahali majeshi yalipokuwa yamefika mapigano yaliposimamishwa tarehe 27 Julai 1953, ndiyo maana umekaa mshazari na kujipindapinda.

Kwa viwanja vya shule zetu hapa Dodoma, skeli ya mita 1 kwa kilomita 10 inatosha. Tafuta vigingi vinne, mfuko wa chokaa na kamba mbili za katani, ya mita 15 na ya mita 25, ukiacha ziada ya mafundo. Ile fupi inyooshe magharibi hadi mashariki: hiyo ni latitudo ya 38. Kwenye ncha ya magharibi shuka kusini mita 2 hivi, usimike kigingi. Kwenye ncha ya mashariki panda kaskazini karibu mita 7, usimike kingine. Kamba ndefu uifunge kwenye vigingi hivyo viwili: huo ndio mpaka wa leo. Urefu halisi wa mpaka ni kilomita zipatazo 250, karibu sawa na Dodoma hadi Singida kwa barabara. Kamba italegea, maana vigingi vimeachana mita 17 na nusu tu. Usiikate wala kuivuta. Ipinde ukifuata ramani.

Sasa pima sentimita 20 kila upande upate ukanda wa kilomita 4 usioruhusiwa majeshi. Chokaa kavu upepo wetu utaipeperusha kabla kipindi hakijaisha. Ikoroge na maji iwe nzito kama uji, umimine asubuhi kwa kopo lililotobolewa.

Panmunjom, mahali pa mazungumzo ya pande mbili mpakani, iko magharibi, nusu mita kusini ya kamba fupi. Weka kiberiti kilichopakwa buluu kiwe jengo la mazungumzo, kamba ndefu ipite katikati yake: ndani ya chumba cha mazungumzo mpaka unakata hata meza.

Jirani na hapo, vijiji viwili vilivyo ndani ya ukanda vilishindana kwa milingoti ya bendera: wa Kusini karibu mita 100, wa Kaskazini mita 160. Kwa skeli yetu milingoti hiyo haifiki hata sentimita 2, haitaonekana. Tumia fito za sentimita 100 na 160, na uandike skeli yake kando, la sivyo watoto watadhani bendera zinafika mawinguni.

Majani yaliyoota ndani ya ukanda msiyang'oe. Kule mabomu ya ardhini yamezuia watu kulima sehemu kubwa, na korongo wenye utosi mwekundu huja eneo la Cheorwon, jirani na ukanda huo, kila majira ya baridi.