Namna ya Kuchunguza Uenezi wa Pneumokoki kati ya Watoto na Watu Wazima

Bakteria aina ya Streptococcus pneumoniae, yaani pneumokoki, huishi nyuma ya pua za watu wengi wasioumwa chochote, na watoto wadogo huwabeba zaidi kuliko watu wazima. Kwa hiyo anayetaka kujua wanavyoenea asiwasubiri wagonjwa hospitalini, bali awafuate wenye afya majumbani mwao.

Chagua kaya zenye mtoto mdogo na uandikishe kila anayeishi humo, kwa kuwa yule utakayemwacha huenda ndiye aliyepitisha maambukizi. Kibali cha kamati ya maadili hutangulia, pamoja na ridhaa ya watu wazima na ya mzazi kwa niaba ya mtoto. Andika umri, chanjo, antibiotiki zilizotumiwa karibuni, na nani hulala na nani.

Kuchukua sampuli kunahitaji mkono uliofundishwa. Mzazi ampakate mtoto na kumshika kichwa kisitikisike. Kijiti chembamba chenye ncha ya nailoni kiingizwe puani sambamba na kaakaa, wala kisielekezwe juu, mpaka kigote nyuma, kisha kizungushwe taratibu na kutolewa. Kikikwama usilazimishe, jaribu tundu la pili. Kwa watu wazima ongeza sampuli ya koo, maana ya pua pekee huwakosa baadhi ya wabebaji. Ncha itumbukizwe katika kihifadhio cha maziwa yasiyo na mafuta, triptoni (protini iliyomeng'enywa), glukosi na gliseroli, iwekwe kwenye barafu na kugandishwa ndani ya saa 8, katika nyuzi 70 za Selsiasi chini ya sifuri au baridi zaidi.

Maabara huotesha bakteria kwenye agari ya damu (rojo gumu la kuoteshea) yenye antibiotiki ya gentamisini, kisha huwathibitisha kwa optokini, kemikali inayozuia pneumokoki wasikue, na kwa chumvi za nyongo, zinazowayeyusha. Kazi isiishie hapo. Serotaipu, yaani aina za pneumokoki zinazotofautishwa kwa ganda lao la nje, zinazojulikana ni zaidi ya 100, na mama na mwanawe wakikutwa kila mmoja na yake, huna ushahidi kwamba waliambukizana. Kwa kuwa mtu mmoja aweza kubeba serotaipu mbili kwa pamoja, chunguza makoloni kadhaa. Na hata zikifanana, linganisha jenomu, yaani DNA yote ya bakteria, kabla ya kusema waliambukizana.

Sampuli zirudiwe mara kwa mara kwa wanakaya wote. Watu wazima huondokewa na bakteria hawa mapema kuliko watoto, hivyo ziara zikiachana mno utamwona mtoto peke yake, na mtu mzima aliyewabeba kwa muda mfupi hataonekana kabisa katika takwimu zako.