Nesi, stresi ikikubana katikati ya shifti anza na mwili, mawazo yafuate baadae

Manesi wenzangu wa Dodoma mjini na wa huko wilayani, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, ushauri tunaopeana mara nyingi ni "jikaze" au "utazoea tu", na huo haumsaidii mtu aliyebaki peke yake naiti wodi imejaa na ndugu wawili wanamuita kwa mpigo. Zipo mbinu ambazo wanasaikolojia wanawafundisha watu kwenye tiba, mtu yeyote anaweza kujifunza na nyingi hazitaki hela wala chumba maalum. Ila tunazitumia kinyume. Mtu kapandwa na hasira, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, afu unamwambia "fikiria vizuri". Hawezi. Mwili ukishapanda namna hiyo kichwa hakipokei maneno, kwahiyo tuliza mwili kwanza, mawazo utayashughulikia baadae.

Anza na pumzi, na usidharau. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu mpaka 6. Siri iko kwenye kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, hapo ndo neva ya vagasi, ile inayoutuliza moyo, inafanya kazi yake na mapigo yanashuka, ni fiziolojia ile ile tuliyosoma chuoni. Ukisema huna muda, angalia hivi: kunawa mikono kwa maji na sabuni inavyotakiwa na WHO ni sekunde 40 hadi 60, na pumzi moja ya namna hii ni sekunde 10 hivi, yaani kila ukinawa umepata pumzi 4 mpaka 6 bila kuiba muda wa mgonjwa. Fanya hivo kila unapotoka kitanda kimoja kwenda kingine hata siku umetulia, maana mbinu unayoijaribu kwa mara ya kwanza siku mambo yameharibika haitakusaidia sana.

Kama umepanda kabisa, unahisi unaweza kumjibu mtu vibaya au kulia mbele ya wagonjwa, omba mwenzako akuangalizie dakika 2, nenda kwenye sinki, jimwagie maji ya baridi usoni, hasa kuzunguka macho na mashavu, au weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi huku umeinama na umebana pumzi sekunde 15 hadi 30. Mwili unadhani umezama, moyo unapunguza kasi wenyewe. Hii inatoka kwenye tiba ya DBT aliyoianzisha Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, akiwatengenezea watu wenye hisia kali sana zinazowafikisha mahali pa kutaka kujiua, kwahiyo ilianzia kwenye hali ngumu kweli kweli. Maji yawe ya baridi lakini, mwezi wa kumi hapa kwetu maji ya tenki lililokaa juani yanatoka ya moto, hayo hayakusaidii, weka chupa kwenye friji ya stafu (ya dawa na chanjo usiiguse). Na kama una tatizo la moyo au unameza dawa zinazoshusha mapigo kama propranolo, iruke hii, baki na pumzi.

Nyingine ni kukaza misuli na kuiachia, alianza nayo daktari Edmund Jacobson wa Marekani karne iliyopita. Kunja ngumi kwa nguvu sekunde 5, achia sekunde 10, usikilize tofauti, afu mabega, taya, mapaja, mpaka vidole vya miguu. Inafaa sana ukiwa umekaa kwenye daladala unarudi Nkuhungu au Ihumwa, hakuna atakayejua unafanya nini.

Sasa mawazo. Hapa ndo pana kazi, na subiri mpaka umetulia, hata kama ni kesho yake. Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, miaka ya 1960 aligundua kwamba wagonjwa wake walikuwa na mawazo yanayojitokeza yenyewe haraka haraka, na wao wanayaamini bila kuyakagua, ndo ikazaliwa CBT, yaani tiba ya kukagua na kubadili mawazo na tabia. Chukua mfano. Ndugu wa mgonjwa kakufokea mbele ya watu kwamba dripu ya mama yake imeisha muda mrefu na wewe huonekani, kumbe ulikuwa chumba cha pili unasaidiana na mwenzako kwa mzazi anayevuja damu. Unafika nyumbani kichwani linazunguka jambo moja tu, "mimi ni nesi wa hovyo".

Chukua daftari, usiandike jina la mgonjwa. Andika tukio lenyewe bila chumvi: dripu iliisha, ndugu akafoka. Andika wazo, na unaliamini kwa kiasi gani kati ya 0 na 100. Andika hisia, aibu, hasira, chochote. Halafu andika ushahidi unaolikubali hilo wazo na unaolikataa, kama vile unaandikia mahakama, yaani vitu vilivyoonekana, sio ulivyojisikia. Upande mmoja: dripu kweli ilichelewa. Upande wa pili: tulikuwa wawili, mzazi alikuwa anapoteza damu, nilivyorudi nilibadilisha na kumpima presha. Mwisho andika wazo jipya unaloweza kuliamini kweli, mfano "nilichelewa kwa sababu nilikuwa kwa mgonjwa aliyekuwa hatarini zaidi, na yule ndugu alifoka kwa sababu anaogopa kumpoteza mama yake". Pima tena kiwango chako. Kikishuka kutoka 90 mpaka 50, hiyo ni kazi kubwa umefanya. Na kama ushahidi unaonyesha kweli ulikosea, usijipake mafuta kwa mgongo wa chupa, wazo jipya linakuwa hatua: naripoti, naomba kuelekezwa, nafanya tofauti zamu ijayo.

Ila mbinu za kichwani hazitibu rosta mbovu, na mimi sikubali manesi waambiwe wapumue tu wakati wodi haina watu wa kutosha. DBT inafundisha pia namna ya kuomba kitu: sema hali ilivyo, sema inavyokuathiri, omba kitu kimoja kinachoeleweka, onyesha faida yake. Kwa inchaji, yaani msimamizi wa wodi, inakuwa hivi: "Shikamoo sista. Baada ya naiti zangu nimepangwa mornin bila siku ya kulala. Nikichoka hivi naogopa kukosea dozi. Naomba hiyo mornin nibadilishane na mwenzangu wa ivinin, tumeshakubaliana, ili mgonjwa apate mtu mwenye macho." Mwambie pembeni, sio wakati wa handova mnapokabidhiana zamu, na sio kwenye grupu la WhatsApp.

Ukitoka, oga, badili nguo, ziba sauti ya grupu la wodi mpaka zamu ijayo. Panga kitu kimoja cha kukufurahisha na ukiandikie siku na saa, kwaya, netiboli, kukaa Nyerere Square jioni na rafiki, maana ukisubiri mpaka ujisikie, hutoki.

Mwaka 2019 WHO iliiweka hali ya kuchoshwa na kazi kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, ikiieleza kama hali itokanayo na kazi na sio ugonjwa, na dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuwa mbali nayo kimoyo, na kuona hufanyi tena lolote la maana. Hapo anza kuzungumza na mtu. Lakini kama wiki 2 zimepita huna raha na chochote, hulali, unakunywa pombe ili ulale, unachukua diazepamu ya wodini (ile dawa ya kutuliza na kulaza), au unafikiria bora ufe, usingoje daftari wala pumzi. Kama ni hilo wazo la kufa, mwambie mtu leo leo na asikuache peke yako mpaka mfike hospitali. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na najua watu wanavyolitumia hilo jina kutukanana mtaani, ila wewe ni nesi, unajua mgonjwa wa kisukari haoni aibu kwenda kliniki yake. Ukiogopa kukutana na unaofanya nao kazi, nenda kituo kingine wanakotoa huduma ya afya ya akili, mueleze daktari kila kitu mpaka hiyo diazepamu, na usiiache ghafla mwenyewe kama umeitumia muda mrefu, akupunguzie yeye taratibu.