Kabla hujatafsiri sura ya kitabu, soma leseni yake

Ninafundisha biolojia, na muda wangu mwingi baada ya vipindi unakwenda kwenye kutafsiri sura za vitabu vya kiada ili walimu wenzangu wapate za kufundishia. Kabla ya kugusa sentensi hata moja, hutafuta leseni ya kitabu. Kazi ya kutafsiri ni nzito mno, na inauma kuona mtu ameimaliza kisha haruhusiwi kumpa yeyote.

Ukikuta maandishi au mchoro kwenye intaneti bila maelezo yoyote ya haki, chukulia kwamba vina mwenyewe. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa baadaye, mtunzi hupata hakimiliki bila kujisajili popote wala kuweka alama ya ©. Haki hiyo hudumu maisha yake yote na, kwa vitabu, angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimefikisha 70. Kwa hiyo kitabu kinachosomwa bure si lazima kiwe kitabu unachoweza kukinakili. Maarifa yenyewe, hata hivyo, hayana mwenyewe. Jinsi figo inavyochuja damu ni ya kila mtu; kinacholindwa ni maneno ya mwandishi na mchoro aliouchora.

Sheria nyingi huwapa walimu nafasi fulani ya kunakili kwa ajili ya darasa. Soma ya nchi yako, kwa sababu nafasi hizo hutofautiana sana. Kwa anayetaka kutafsiri na kusambaza, njia ya uhakika zaidi ni nyenzo huria za elimu: zile ambazo mtu anaruhusiwa kubaki na nakala yake, kuzitumia, kuzirekebisha, kuzichanganya na nyingine, na kuzigawa. UNESCO ilianza kuzieneza kwa jina hilo mwaka 2002, na mwaka 2019 nchi wanachama wake zikapitisha pendekezo rasmi la kuziunga mkono.

Nyingi kati ya hizo hutumia leseni za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza Desemba 2002. Mtunzi anabaki na hakimiliki yake, ila anatoa ruhusa mapema kwa masharti anayoyachagua. BY inakutaka umtaje. NC inakataza matumizi ya kibiashara. SA inakutaka kazi utakayoizalisha uitoe kwa masharti yaleyale. ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. Masharti hayo yakiunganishwa hupatikana leseni sita. Pembeni ipo CC0, ambapo mtunzi anaachilia haki zake kadiri sheria inavyomruhusu.

Herufi za kutafuta kwanza ni ND. Tafsiri huhesabiwa kuwa badiliko, hata ukifuata asili neno kwa neno. Ukiziona herufi hizo, funga faili utafute kitabu kingine, au mwandikie mwenye haki.

Jambo la pili huwakwaza hata waliozoea: kuchanganya. Wikipedia hutumia BY-SA. Ukichukua maelezo yake ukayaunganisha katika sura moja na maelezo kutoka kitabu cha BY-NC-SA, kila upande unadai leseni yake itawale sura nzima, nawe huwezi kutii zote mbili. Dawa yake ni kuchagua upande mmoja tangu mwanzo. Mimi huanzia kwenye CC BY, yaani leseni ya Creative Commons yenye sharti la BY peke yake, kila inapopatikana, kwa sababu hiyo inakubali kuishi na nyingine karibu zote.

Usitegemee jina la taasisi. OpenStax, mradi wa vitabu huria wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, imetoa vitabu vingi kwa CC BY, lakini vya kalkulasi ni BY-NC-SA. Fungua kurasa za mwanzo za kitabu chenyewe. Kisha soma maelezo chini ya kila mchoro, maana kitabu huria huweza kubeba picha iliyoazimwa kwingine kwa masharti tofauti. Nikiitilia shaka picha, naiacha na kuchora yangu.

Ukishapata ruhusa, taja mambo manne: jina la kazi, mtunzi, mahali ilipotoka na leseni yenye toleo lake. Ongeza ulichobadilisha. Mimi huandika hivi chini ya ukurasa wa kwanza: “Imetafsiriwa na kufupishwa kutoka…”, kisha hayo manne pamoja na viungo. Hifadhi pia picha ya skrini ya ukurasa wenye leseni, yenye tarehe. Mtunzi anaweza kuacha kutoa kazi yake kwa leseni hiyo kesho, lakini ruhusa uliyokwisha kuipata haifutiki maadamu unafuata masharti.

Na pale leseni isipoonekana kabisa, andika barua fupi kwa mwenye haki. Mweleze kurasa unazotaka, lugha utakayotafsiria, nani watapewa, zitawekwa wapi, na kama kuna fedha yoyote itakayotozwa. Akikubali, tunza jibu lake pamoja na faili. Asipojibu, hajakuruhusu; hapo soma mada katika vitabu viwili vitatu, vifunge, kisha iandike mwenyewe kwa maneno yako.