Kabla hujanunua vitu vya saluni, toa kwanza vilivyojaa chumbani: ninavyofanya mimi hapa Mtwara

Mi kazi yangu ni kusafisha na kupanga nyumba za watu hapa Mtwara mjini, na wateja wengi wananitafuta kipindi kimoja, minada ya korosho imeanza mwezi wa 10, pesa imeingia, mtu anataka kufungua saluni chumba cha mbele au kuweka cherehani, au kijana wa nyumbani anaoa na apewe chumba, alafu chumba chenyewe kimejaa hadi mlango haufunguki wote. Kosa ni lile lile kila mwaka, mtu ananunua kwanza draya na viti, vinafika havina pa kukaa, vinarundikwa juu ya vile vya zamani, mwezi wa 3 unafika saluni bado. Anza kutoa, ndo ununue.

Hatua ya 1: siku ya jua
Ukiweza fanya mwezi wa 9 au wa 10 kukiwa bado kukavu, ukisubiri Disemba mvua itakukuta vitu viko nje. Tandika turubai uani, tafuta mtu mmoja wa kukusaidia kubeba, funga kitambaa puani, alafu toa KILA KITU. Usichague ukiwa ndani. Mule ndani kuna giza na kila kitu utakiona bado kina kazi, kikifika juani ndo unaona godoro lina kunguni na gunia limeshaliwa na mchwa.

Hatua ya 2: sumu zitoke mwanzo
Nyumba zetu nyingi za huku zina salfa iliyobaki na dawa za maji za kupulizia mikorosho, ziko uvunguni karibu na unga wa ugali, jamani hili linaniuma sana. Salfa inawasha macho na inashika moto, usiiweke karibu na jiko na usiichome na takataka, moshi wake unabana kifua vibaya. Mfuko ambao haujafunguliwa mpe ndugu mwenye shamba, msimu wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, atautumia. Dawa iliyoisha muda usimwage chooni wala karibu na kisima, muulize bwana shamba au watu wa AMCOS yako, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wakuelekeze. Chupa tupu suuza mara 3, itoboe, mtoto asije akaenda nayo dukani kuchukulia mafuta ya kula.

Hatua ya 3: mafungu
Ya kutumia, ya kugawa, ya kuuza, na ya watu. Vyuma chakavu uza kwa kilo, pima kwanza mwenyewe nyumbani. Kinu na mbuzi ya nazi kama vizima viache. Hapa usikae sana.

Hatua ya 4: vitu vya watu
Hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Katika nyumba nilizosafisha, karibu nusu ya vitu vilivyojaza chumba sio vya mwenye nyumba, ni amana. Kuna mama mmoja Chikongola alikuwa na friji mbovu ya shemeji yake, mabegi ya mpwa aliyeenda Dar, na kitanda cha mpangaji aliyekuja kipindi kile bomba la gesi linajengwa akaondoka akisema narudi. Miaka yote hiyo hafungui biashara kwa sababu anaogopa lawama.

Fanya hivi. Andika orodha, piga picha kila kitu, alafu piga simu, usitume meseji. "Shikamoo shemeji, ile friji yako ipo salama ila chumba nakihitaji, nakupa mwezi mmoja, nikutumie kwa basi au niifanyeje?" Wengi watakwambia gawa tu, wengine walishasahau kabisa. Asiyepatikana, muite mjumbe aone orodha na muwe na mtu wa upande wake kabla hujagusa kitu. Usiuze kimya kimya, undugu una thamani kuliko friji.

Na vya marehemu usivitoe peke yako. Sanduku la bati la mama yangu lilikaa chumbani miaka 4, nilikuwa siwezi hata kulisogeza, nikawa najiambia nikipata mtaji nitaanza kazi kumbe mtaji sio ulionizuia. Shangazi alikuja kutoka Newala tukalifungua wote, tukalia, akaniambia chagua doti mbili za kwako, zilizobaki tukawapa wenzake wa mtaani waliokuwa naye. Mpaka leo nikimuona bibi wa jirani na kanga ya mama nafurahi. Wiki ileile chumba kikawa wazi. Kwaiyo muite mtu mzima wa ukoo mkae wote, hata kama itachukua siku nzima.

Hatua ya 5: karatasi
Hati ya kiwanja, vyeti, stakabadhi za korosho, hivyo havitupwi. Ukishapata TIN (namba ya mlipa kodi) na leseni, risiti za biashara utatakiwa kuzitunza miaka 5, tenga mahali pake mapema. Weka kwenye mfuko wa nailoni, juu mbali na mchwa, huku pwani unyevu unaozesha karatasi haraka.

Hatua ya 6: chumba kitupu
Fagia, angalia kona zote kama kuna njia za mchwa ukutani, paka chokaa, alafu kiache kitupu siku mbili tatu. Watu wa nyumbani wataanza kuingiza ndoo na viatu, kataa. Chukua futi upime, chora kwa chaki sakafuni kiti cha mteja kitakapokaa na draya itakapokaa, weka stuli pale, kalia, mwambie mtu afungue mlango. Ukigonga goti futa uchore tena, ukiona unapita vizuri ndo uende dukani na vipimo vyako mkononi.