Wakati ujao wa Kihispania: malizana na vitenzi 12 vikaidi

Naongoza watalii kutoka Arusha, na wageni wangu wengi ni Wahispania. Maswali yao karibu yote ni ya kesho: tutatoka saa ngapi, kutakuwa na baridi, chui tutamwona? Na vitenzi vya kujibia maswali hayo ndivyo hivyo vinavyokataa kanuni.

Viishio havina shida. Ni vilevile kwa kila kitenzi: -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Kitenzi cha kawaida unakiacha kizima, unabandika kiishio: hablar (kusema), hablaré; comer (kula), comeré. Hata ir (kwenda) na ser (kuwa), vinavyotesa watu kwenye nyakati nyingine, hapa vimetulia: iré, seré. Ukaidi wote uko kwenye shina, na mashina ya msingi ni 12 tu. Achana na majedwali. Ukishika umbo la "mimi", mengine yanafuata.

Anza na vile vinavyotupa vokali na kuingiza d: tener (kuwa na), tendré; poner (kuweka), pondré; venir (kuja), vendré; salir (kutoka), saldré; valer (kugharimu), valdré. Usivikariri vikiwa peke yake, vitie kwenye sentensi utakayoisema kweli. Yangu ya kila jioni kabla ya kushuka Ngorongoro ni hii: Mañana saldremos a las seis y tendréis que llevar un jersey, porque hará frío. Kesho tutatoka saa kumi na mbili, na itabidi mbebe sweta kwa sababu kutakuwa na baridi. (Angalia hiyo seis, sita. Ukichanganya saa zao na zetu, gari litaondoka tupu.) Humo mna vikaidi vitatu. Tendréis, umbo la "ninyi", ni ya Wahispania. Kundi likitoka Mexico au Argentina, sema tendrán.

Vingine vinadondosha vokali tu: poder (kuweza), podré; saber (kujua), sabré; haber (kuwepo), habré; querer (kutaka), querré; caber, cabré. Kwenye querré tetemesha r sawasawa, maana shina hilohilo ndilo la "ningetaka", querría. Ukisema r moja inakuwa quería, "nilikuwa nataka". Habrá nayo haina wingi ikimaanisha "kutakuwa na": habrá leones, kamwe si habrán leones. Caber, yaani kuenea mahali, walimu wengi hukiruka. Mimi nisingeishi bila hicho: Esa maleta no cabrá en la avioneta, sanduku hilo halitaenea kwenye ndege ndogo. Sanduku gumu na ndege ndogo ya Serengeti ni ugomvi wa kila msimu.

Hacer (kufanya) na decir (kusema) hukatwa kabisa: haré, diré. Hivyo kariri tu.

Watoto wa vitenzi hivi hufuata wazazi wao: mantener (kudumisha), mantendré; suponer (kudhani), supondré; deshacer (kutengua), desharé. Ila bendecir (kubariki) na maldecir (kulaani) vimemkana decir: bendeciré, maldeciré.

Kuna matumizi mengine ambayo sisi Waswahili tunayapata bure, nayo ni kukisia. ¿Dónde estará el leopardo? Estará en aquel árbol. Chui atakuwa wapi? Atakuwa kwenye mti ule. Ni ileile "-ta-" yetu ya kubahatisha, kwa hiyo usiogope kuitumia.

Mazoezi yangu ni ratiba. Usiku andika mambo ya kesho kwa Kihispania, kila sentensi na kikaidi chake, kisha zisome kwa sauti ukibadilisha nafsi: saldré, saldrás, saldrá. Kama huna wageni, andika ya sokoni au ya kazini kwako.

Ukikwama mbele ya watu, kimbilia vamos a, yaani "tunaenda ku-", kisha kitenzi kizima: vamos a salir a las seis. Wenyewe huitumia sana wakizungumza, hakuna atakayekushangaa. Ila kwenye kukisia haikuokoi. Mgeni akiuliza dereva yuko wapi nawe huna hakika, ni estará comiendo tu, "atakuwa anakula".